Mbwa Amekushinda? Mrudishe, Usimtupe!

Leo naomba niache kidogo siasa na bei ya mchele niongelee mbwa. Najua wapo watakaocheka. Chekeni, lakini msome mpaka mwisho, maana jambo lenyewe linauma na lina gharama kuliko mnavyodhani.

Ukikaa Nyasubi, au mtaa wowote wa Kahama, utagundua kuna mbwa ambao hawakuzaliwa mtaani. Siku moja anatokea mbwa mgeni, shingoni ana alama ya kamba, anafuata kila mtu anayepita kama vile anatafuta sura anayoifahamu. Anasogelea milango. Ukimwita anakuja mbio, maana amezoea kuitwa. Huyo si mbwa koko. Huyo alikuwa na kwao mpaka juzi, na mtu alimpakia kwenye gunia, akamfunga nyuma ya bodaboda usiku, akaenda kummwaga mbali kiasi kwamba hawezi kunusa njia ya kurudi. Wengine humwagwa kando ya barabara kuu, ile wanayopita madereva wa malori ya Rwanda na Burundi. Matokeo yake unayajua, utayaona asubuhi kwenye lami.

Hoja yangu ni fupi: mbwa akikushinda, mrudishe alikotoka. Kumrudisha si aibu. Aibu ni lile gunia.

Tuanze na namna tunavyowapata. Huku kwetu hatuendi kwenye nyumba ya kulea mbwa waliookotwa, tukajaza fomu. Wenzetu wa Arusha wana Mbwa wa Africa, taasisi inayookoa mbwa na kuwatafutia watu wa kuwachukua. Nairobi kuna KSPCA kule Karen, chama kinachoendelea na kazi ya kutetea wanyama ambayo ilianza tangu zama za mkoloni. Sisi tunampata mbwa kwa jirani ambaye jike lake limezaa watoto sita na hana pa kuwapeleka. Au tunamwokota mwenyewe sokoni, anatetemeka chini ya meza ya muuza nyama, roho ya huruma ikatushika. Siku hizi vijana wengi tuliosoma tunaona picha kwenye simu, mbwa aliyeokolewa ana utepe shingoni, kijana mwenzetu anatabasamu pembeni, na sisi tunataka.

Sina tatizo na huruma. Tatizo ni kwamba huruma haimuulizi mwenye nyumba.

Maana vijana wengi tunaishi chumba na sebule, ua mmoja wapangaji watano. Mbwa akifika, wiki ya kwanza kila mtu anafurahi. Wiki ya pili ameshakula kifaranga cha mama wa chumba cha tatu. Analia usiku kucha. Jirani yako Mwislamu, ambaye hukumshirikisha kabla, anakueleza kwa adabu kabisa kwamba mate ya mbwa kwake ni najisi na mbwa wako anamgusa kila akitoka kuswali. Mwenye nyumba anapiga simu. Halafu unapata barua ya uhamisho, au kazi ya mkataba imekwisha, na ugali wa mbwa unaanza kushindana na ugali wako. Sababu zote hizo ni za kweli. Sioni haja ya kumsimanga mtu kwa kushindwa.

Basi kwa nini harudishi?

Jibu nililolisikia mara nyingi ni moja: "Nitamwambiaje aliyenipa?" Kwetu ukirudisha kitu ulichopewa ni kama umemtukana aliyekupa. Ukipewa kuku hurudishi kuku. Ukipewa kitenge hurudishi kitenge. Kwa hiyo mtu anaona ni heri mbwa apotee, kisha aseme kwa sauti ya huzuni, "Yule mbwa bwana alitoroka." Aliyempa atasikitika, watanyamazishana, urafiki utaendelea. Anayelipa gharama ya heshima hiyo ni mbwa.

Lakini hebu tujiulize. Wazee wetu wa Kisukuma wana desturi ya kumkabidhi ndugu au rafiki ng'ombe amtunze. Yule anayetunza anakunywa maziwa, anapata samadi, na ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Akishindwa, malisho yakikauka au akihama, anamrudisha kwa mwenyewe. Hakuna anayesema amemtukana mtu. Tena angemwachia ng'ombe porini akasema ametoroka, angeitiwa kikao cha wazee na asingetoka salama! Desturi ya kurudisha kiumbe hai tunayo, tena ya siku nyingi. Tatizo letu tunamweka mbwa kwenye fungu la kitenge wakati alipaswa kuwa kwenye fungu la ng'ombe: ni dhamana.

Wapo watakaosema, mbona Wazungu wanawalaani wanaorudisha mbwa? Ni kweli, Uingereza kuna usemi maarufu uliotungwa mwaka 1978 na Clarissa Baldwin, wa chama ambacho leo kinaitwa Dogs Trust, unaosema kwamba mbwa ni wa maisha yote na si wa Krismasi tu. Usemi mzuri. Ulilenga watu walionunulia watoto wao mbwa kama zawadi ya sikukuu kisha wakawachoka. Lakini angalia upande wa pili. Nchi hiyohiyo ina nyumba kama Battersea ya London, iliyoanzishwa mwaka 1860 na mama mmoja aitwaye Mary Tealby, na mlango wake uko wazi kwa anayeshindwa. Taasisi nyingi zinazotoa mbwa duniani zinamwandikisha mchukuaji kabisa: ukishindwa, mrudishe kwetu, usimpe mwingine wala usimwache njiani. Wanahimiza uvumilivu kabla, lakini hawafungi njia ya kurudi. Sisi tumechukua lawama tukaacha mlango.

Sasa nije kwenye sehemu inayonifanya nisiseme "ni mbwa tu".

Kichaa cha mbwa kinaua watu takriban 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia. Hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu yanatokana na mbwa. Karibu asilimia 40 ya wanaokufa ni watoto walio chini ya miaka 15. Hapa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria vifo karibu 1,500 kwa mwaka, idadi inayozidi kwa mbali ile iliyokuwa ikiingia kwenye taarifa rasmi, kwa sababu wengi walikuwa wanafia nyumbani bila kuhesabiwa. Na dalili zikishaanza, ugonjwa huu hauna tiba. Hauna.

Gunia linaingiaje hapo? Linaingia hivi. Mbwa mwenye mwenyewe anaweza kuchanjwa, na kadi yake ikawepo. Akimng'ata mtoto, mtoto anaoshwa kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, anawahishwa hospitali kuanza chanjo, na mbwa anafungiwa na kuangaliwa kwa siku 10. Akiwa mzima baada ya siku hizo, daktari anaweza kusitisha sindano zilizobaki. Mbwa uliyemmwaga usiku hana anwani. Amemng'ata mtoto wa watu kwa njaa na hofu, ametokomea, nani atamfungia siku 10? Mzazi hana ujanja, inabidi mtoto amalize chanjo zote, na mzazi huyo huenda ni mama anayeuza mboga, anakusanya nauli na fedha za sindano kwa kukopa. Umeokoa aibu yako kwa fedha ya mama wa watu. Na asipozipata?

Kwa hiyo wale wanaosema "watu hawana ada za shule wewe unaongelea mbwa", ninaongelea watoto haohao wa ada.

Ukanda wetu wa dhahabu una mazingira yake tena. Huku watu wanahama. Ikisikika kwamba mahali fulani kumetoka mali, kesho yake makambi yanahama na maduara ya zamani yanabaki mashimo. Mbwa aliyekuwa analinda karasha na mifuko ya mawe anaachwa palepale analinda upepo. Hata migodi mikubwa ina mwisho: Buzwagi, iliyozinduliwa mwaka 2009, ilisimamisha uzalishaji mwaka 2021, na familia nyingi zilizokuwa zimepanga Kahama zilifungasha. Ukiishi sehemu ambayo watu huja na kuondoka namna hii, suala la "mbwa atakwenda wapi nikiondoka" lilipaswa kuwa swali la kwanza siku ya kumchukua. Kwetu linaulizwa siku ya kupakia vyombo kwenye Fuso.

Hata hivyo, nisieleweke vibaya. Sisemi turudishe mbwa kama tunavyorudisha viatu visivyotutosha. Wengi wanakata tamaa mapema mno. Watu wenye uzoefu wa kulea mbwa waliookolewa wana kanuni yao ya kukadiria: siku tatu za mwanzo mbwa anakuwa na hofu tu, anaweza asile, wiki tatu ndipo anaanza kuzoea ratiba ya nyumba, miezi mitatu ndipo anajiona yuko kwao. Si sheria ya Musa, kila mbwa na tabia yake, lakini inatosha kukuonyesha kwamba mbwa anayelia usiku wa pili hajashindikana. Amefiwa. Jana alikuwa na mama yake au na mtaa aliouzoea, leo yuko kwenye ua wa watu watano asiowajua. Mpe muda. Mfunge mbali na vifaranga, mlishe saa zilezile, mwite jina moja na si matatu.

Lakini kama mwenye nyumba amesema hapana, kama kuna mtoto nyumbani na mbwa ameshaonyesha meno, kama unahama na huwezi kwenda naye, basi mrudishe mapema. Mrudishe mchana, si usiku. Mpeleke na kadi yake ya chanjo. Na useme ukweli! Kama anakula kuku, sema anakula kuku. Kama amemng'ata mtu, hilo ndilo la kwanza kulisema, kabla ya salamu kupoa, maana ukilificha atakayemchukua baada yako ndiye atakayelipata kwa mguu wake.

Na wewe unayetoa watoto wa mbwa, usidhani umepona. Nusu ya lawama hii ni yako. Unagawa mbwa kama unagawa embe zilizoiva, ilimradi ziishe. Muulize mchukuaji: unakaa kwako au umepanga? Wenzako wa ua umewauliza? Ukisafiri nani anamlisha? Kisha mwambie sentensi moja tu: "Akikushinda, mlete." Sentensi hiyo haigharimu senti tano na ingeokoa mbwa wengi kuliko hotuba. Akiletwa kweli, mpokee bila kumtangaza mtu kijiweni. Ukimcheka huyu aliyerudisha, wa pili atanunua gunia. Na kama huwezi kupokea hata mmoja, peleka jike lako kwa daktari wa mifugo afungwe kizazi.

Serikali nayo ina sehemu yake. Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu mwaka 2008. Lakini mbwa wakizidi mtaani, dawa iliyozoeleka katika halmashauri nyingi ni bunduki. Mnapiga leo, mwezi ujao nafasi imejazwa na wengine wasiochanjwa. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wamesema miaka nenda rudi kwamba kuua mbwa ovyo hakumalizi kichaa cha mbwa. Kinachokimaliza ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wote, na kurudia. Si nadharia ya vitabuni. Pemba walichanja, ugonjwa ukatoweka, ukarudi mwaka 2016, wakachanja tena wakaufuta mwaka 2018. Pemba ni Tanzania hiihii. Lakini chanjo inahitaji mbwa mwenye mtu wa kumshika kamba siku bwana mifugo anapokuja. Kila mbwa tunayemmwaga tunamtoa kwenye ile asilimia 70.

Waswahili wanasema ukipenda boga penda na ua lake. Nami naongeza la kwangu: ukishindwa na boga, usilitupe kwenye njia ya watoto wa wenzio. Lirudishe shambani, mwenye shamba yupo, na mdomo wa kumwambia "ndugu yangu, limenishinda" unao.

Naomba kutoa hoja.