STAA NA "RAPTOR" YAKE YA HOMBOLO: SURA YA 2022, ROHO YA 2013!

Kuna video inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya Dodoma tangu wiki iliyopita, na wanaoicheka ni wengi kuliko wanaoelewa wanachokicheka.

Staa mmoja wa muziki, jina kapuni, alishuka Hombolo Bwawani wikiendi kupiga kideo. Nyuma maji ya lile bwawa lililojengwa 1957, pembeni madansa wanne, katikati mnyama: pikapu nyeusi, neno FORD limejaa kuanzia taa hadi taa. Kapsheni yake: "Mmarekani mpya kabisa, Raptor 2022. Wenye wivu kanyweni zabibu."

Dakika mbili baadaye mnyama akazama. Wanaoijua Hombolo wanajua maji yakirudi nyuma pale yanaacha tope la aina gani. Tairi za nyuma zinazunguka, zinawarushia madansa matope, za mbele zimetulia kimya kama zimekuja msibani. Mwisho ikaitwa Hilux ya zamani, ile ya kubebea kreti za zabibu, ikafunga kamba na kumvuta Mmarekani kinyumenyume. Kipande hicho staa hakukiposti. Kilipostiwa na dogo wa palepale aliyekuwa amekaa kwenye bodaboda yake anasubiri abiria.

Sasa, gari kunasa si aibu. Tope halimjui staa wala mkulima. Ishu ni zile tairi za mbele. Ranger Raptor tangu ilipotoka 2018 mpaka hii ya sasa, hakuna hata moja iliyotoka kiwandani bila fowili. Zote zinavuta mbele na nyuma. Hiyo ya Hombolo ilikuwa inavuta nyuma tu. Halafu ilipokuwa inavutwa, kamera ya dogo ikapita chini ya bodi, na pale nyuma zikaonekana zile springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kama za pikapu yoyote ya kubebea simenti. Raptor halisi nyuma ina springi za kuzunguka na shokapu za Fox. Ndiyo sababu inaruka matuta vile kwenye matangazo, na ndiyo sababu bei yake iko vile.

Kwa kifupi, hiyo ni Ranger ya kawaida ya miaka ya 2012 au 2013 iliyopelekwa kwa fundi bodi, ikavuliwa uso, ikavalishwa uso wa 2022. Taa zenye umbo la herufi C, sho ya mbele, boneti, bampa, vifenda vya plastiki, stika. Mafundi wetu wanajua kazi, hilo lisemwe wazi. Ukiipita barabarani hushtuki. Lakini kuna vitu haviji kwenye boksi la vifaa vya kubadilishia sura. Ranger mpya, umbali wa tairi la mbele mpaka la nyuma umeongezwa milimita 50, na tairi la mbele limesogezwa mbele. Huwezi kusogeza tairi kwa stika. Ndani, mpya ina skrini kubwa iliyosimama wima. Kwenye ile video staa anajisifia huku kiganja kimekaa kwenye dashibodi ya zamani, vitufe vimejaa kama kalkuleta ya dukani.

Na huo Umarekani wenyewe? Hii Ranger inayouzwa kwetu ilibuniwa Australia, na nyingi za huku zinatoka kiwanda cha Ford cha Silverton, Pretoria. Ranger ya Marekani ilisimamishwa 2011, Wamarekani wakakaa bila Ranger mpaka modeli ya 2019. Sasa mtu anajiita mmiliki wa Mmarekani wa 2013, mwaka ambao Marekani kwenyewe hakukuwa na Ranger dukani! Pikapu ya Kimarekani kwelikweli ni F-150, na hiyo inatoka kiwandani kwao na stelingi kushoto. Staa alikuwa amekaa kulia, tena mkono nje.

Tuwe wakweli lakini. Ugonjwa wa kununua sura hawakuuanzisha mastaa wa Bongo. General Motors chini ya Alfred Sloan, miaka ya 1920, ndiyo iliyokomaza mchezo wa kubadili muonekano kila mwaka ili mwenye gari zima ajione amepitwa. Mpaka leo Marekani "mwaka wa modeli" si mwaka wa kalenda: F-150 ya 2021 ilionyeshwa Juni 2020. Lakini hata kwao kuna mwaka wa kubadilisha sura na mwaka wa kubadilisha gari. Chukua Jeep Wrangler ya 2011 na ya 2012, zisimamishe pamoja. Kwa nje ni mapacha. Fungua boneti: ya 2011 ina injini ya lita 3.8 yenye nguvu farasi 202, ya 2012 ina ya lita 3.6 yenye 285. Uso uleule, moyo mwingine. Cadillac Escalade nayo, ile wanayoiota mastaa wote, mpaka ya 2020 ilikuwa na ekseli moja ngumu nyuma kama lori, ya 2021 ndiyo ikaja na tairi za nyuma zinazojitegemea. Hayo ndiyo mabadiliko. Huyu wetu kabadilisha taa.

Mashabiki wake wameshaanza: "Mwacheni ale maisha, gari ni lake, hela ni yake." Sawa kabisa. Akitaka aivalishe hata uso wa trekta. Mtu akiipenda Ranger yake ya 2013 na kuipendezesha, hongera. Shida inaanza pale anapoitaja 2022. Na inakuwa kubwa zaidi anapoiuza kwa jina hilo.

Maana inauzwa. Siku nne baada ya video, dalali mmoja wa Dodoma mjini aliiweka kwenye kurasa zake: "Raptor 2022, gari ya staa, namba E." Hiyo namba E ndiyo inayoua watu. Namba inaonyesha gari limesajiliwa lini hapa nchini, haisemi limezaliwa lini. Gari la miaka 10 likisajiliwa leo linapewa namba ya leo.

Kijana mmoja wa Hombolo, analima zabibu na mama yake, akaingia. Alishatuma advansi ya milioni 6. Zabibu za Dodoma zinavunwa mara mbili kwa mwaka, na hizo hela zilikuwa za mavuno yote mawili. Mjomba wake ni fundi mjini. Alipopigiwa simu swali lake lilikuwa moja: "Anko, kadi umeiona?"

Kadi ilipoletwa ilisema mwaka wa kutengenezwa 2013, injini cc 2198. Raptor ya kwanza ya dizeli ina cc 1996. Hiyo 2198 ni ile injini ya kawaida ya lita 2.2 ya Ranger za zamani. Dalali akajibu kwa voisi, bila hata kuona aibu: "Bro, hayo ni makosa ya kuandika tu, gari unaiona kwa macho yako!" Advansi haijarudi. Simu ya dalali sasa inaita mpaka inakatika. Mama wa kijana bado anaamini kuna gari linakuja.

Tena kuna jambo ambalo halina utani ndani yake. Mbele ya gari ndiko zinakokaa sensa za eabegi. Fundi anayekata mabano ili bampa la 2022 likae kwenye chesesi ya 2013 anacheza na kitu kinachotakiwa kufanya kazi siku moja tu, ndani ya sekunde moja. Ranger mpya za bei ya juu zina rada ya mbele inayofunga breki zenyewe. Kwenye hiyo ya staa mahali pa rada pana kipande cha plastiki.

Kwa anayetaka kununua: acha taa, lala chini uangalie springi. Omba kadi kabla ya kutoa hata elfu kumi. Soma namba ya chesesi, ina herufi na tarakimu 17. Gari lililoundwa Marekani mara nyingi linaanza na 1, 4 au 5, la Afrika Kusini linaanza na A. Kwa magari ya soko la Marekani, nafasi ya 10 ndiyo mwaka wa modeli: D ni 2013, N ni 2022. Dalali akikwambia kioo kina ukungu haisomeki, rudi zako nyumbani.

Staa mwenyewe kaulizwa kwenye komenti zake kama mara mia, kajibu emoji ya moto. Hadi jana jioni tangazo la dalali lilikuwa bado liko juu. Wamelihariri kidogo. Sasa linasomeka 2023.