Kwa nini panya wa ghalani hawaishi?

Barua ya juma hili imetoka Ndabibi, magharibi ya Ziwa Naivasha, huko ambako mkulima akiinua macho huona milima ya Eburru upande mmoja na Mau upande wa pili. Mwandishi wake ni mama wa watoto watano. Asema alivuna mahindi, akayatia ghalani, na panya wakamfuata. Alinunua sumu, akaokota mizoga tele, na moyo ukatulia. Haikupita miezi mitatu ila panya walikuwa wengi kuliko awali. Aliyekosekana ni paka, kwa maana alikula panya mmoja aliyekuwa amekula sumu. "Hivi hawa huzaa kila siku?" auliza. Binti yake wa sekondari alimjibu kuwa ni mambo ya homoni, lakini alipotakiwa aeleze, akashindwa.

Binti hakukosea. Hebu tumsaidie.

Mfugaji wa Ndabibi ajua kwamba ng'ombe hutafuta dume kila baada ya siku 21 hivi. Mwanamke naye mzunguko wake huwa kama siku 28. Panya jike ni siku nne, au tano. Yaani katika muda ambao ng'ombe apata nafasi moja ya kushika mimba, panya amepata nne au tano. Mambo hayo yalielezwa kwa kina mwaka 1922 na Joseph Long na Herbert Evans wa Chuo Kikuu cha California. Walikuwa wakipangusa seli chache kutoka uke wa panya kila siku na kuzitazama kwa hadubini, wakaona zabadilika kwa mpango ule ule bila kukosea. Hata leo wanafunzi wa maabara hutumia njia hiyo, maanake ni rahisi na haimwumizi mnyama.

Ndani ya siku hizo nne, homoni hupokezana zamu. Kwanza vijifuko vya mayai hukua polepole katika ovari, na kadiri vinavyokua ndivyo vinavyomwaga homoni ya estrojeni katika damu. Siku moja kabla ya mayai kutoka, estrojeni hufika kileleni. Ubongo hupata habari hiyo na kuiamuru tezi ya pituitari, iliyo chini yake, imwage kwa mkupuo homoni iitwayo LH. Mkupuo huo huja alasiri kuelekea jioni. Nyuma yake hupanda projesteroni, na usiku jike huwa tayari kumpokea dume. Saa chache baada ya usiku wa manane, mayai kumi hivi au zaidi hutoka kwa pamoja. Wewe umelala, darini kazi inaendelea.

Kwa nini alasiri? Hapa ndipo pananipendeza zaidi. Mwaka 1950 wataalamu wawili wa Marekani, John Everett na Charles Sawyer, walichapisha jaribio ambalo mpaka leo hufundishwa vyuoni. Siku ile ya kilele waliwapa panya dawa ya kulewesha ubongo saa nane mchana. Mayai hayakutoka usiku huo. Wengine walipewa dawa baada ya saa kumi. Hao walikuwa wamechelewa kuzuiwa, mayai yakatoka kama kawaida. Sasa wale wa saa nane, dawa ilipowaisha nguvu jioni, ungedhani wangeendelea pale walipoachia. La. Walingoja hadi alasiri ya siku iliyofuata, wakachelewa kwa saa 24 kamili. Ubongo wa panya, basi, una saa, na saa hiyo hufungua mlango mara moja tu kwa siku. Siku hizi twajua iko mahali gani: ni kifungu kidogo cha seli juu tu ya njia panda ya neva za macho, na huongozwa na mwanga.

Panya wa maabara, kusema kweli, ni binamu tu wa yule wa darini, na taa zake huwashwa na kuzimwa kwa saa maalumu. Lakini ukoo ni mmoja na mtindo ni ule ule. Akipandwa, tendo lenyewe huamsha homoni nyingine, prolaktini, ambayo hutoka mara mbili kwa siku na kuilinda projesteroni ili mimba ishike. Mimba ni siku 21 hadi 23. Akijifungua, hachukui hata siku mbili kabla ya kupandwa tena, ingawa kama ananyonyesha watoto wengi mimba mpya hungojea kidogo kabla ya kujishikiza. Mzazi mmoja aliyenusurika sumu aweza basi kuzaa karibu kila mwezi, na mabinti zake wa uzao wa kwanza huwa tayari kuchukua mimba wakiwa na miezi miwili au mitatu. Ndiyo ile miezi mitatu ya barua yetu.

Wa shambani ni balaa zaidi. Kuna yule wa chuchu nyingi, ambaye jike lake laweza kuwa na chuchu 24 na kuzaa watoto kumi na zaidi kwa mkupuo. Utafiti wa miaka mingi huko Morogoro, Tanzania, umeonyesha kwamba uzazi wake hufuata mvua. Nasi Kenya twakumbuka: baada ya mvua kubwa za 1961, mwaka 1962 panya walifurika katika mashamba ya nafaka.

Mvua ni chakula, na chakula ndicho jibu langu kwa mama. Panya mwenye njaa, ubongo wake hupunguza amri zinazoitoa LH, na mayai hayatoki. Sumu huwapunguza panya lakini humwachia aliyebaki karamu yote. Ghala lililoinuliwa, miguu yake ikavikwa makoni ya bati, na mahindi yaliyomwagika yakafagiwa, humgusa hata yule asiyekamatika. Mitego nayo itegwe jioni. Nisingeweka sumu tena penye watoto watano.

Huko Morogoro, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine walichapisha mwaka 2018 matokeo ya chambo chenye homoni mbili, kwinestroli na levonojestreli, kilichopunguza uwezo wa kuzaa wa panya wa shamba. Ya pili ndiyo ile iliyomo katika baadhi ya vidonge vya kupanga uzazi. Tafadhali, mtu asitwae vidonge vya nyumbani akavichanganya na unga. Huo haukuwa mchezo wa jikoni.

Mama aliuliza pia kuhusu fuko anayemmalizia viazi. Huyo habari yake ni tofauti. Huishi peke yake shimoni, na jike kwa kawaida huzaa mtoto mmoja au wawili tu. Ukimnasa mmoja kwa mtego wa kijiti, umepunguza kweli.