Kahawa ya asubuhi inakula makala kiasi gani? Fizi na Baraka mbele ya swali la mbabula

Kuchagua chombo cha kupikia kahawa ao chai bila kuharibu mazingira: wengi watasema hilo ni jambo la watu wa miji yenye umeme. Lakini hapa Fizi na Baraka linagusa pesa ya nyumba, misitu ya Ngandja na Itombwe, na usalama wa mama na watoto wanaoenda porini kutafuta kuni.

Mashine ya umeme tuiweke pembeni

Mashine ya kahawa ya kawaida inavuta wati 800 hadi 1000. Nyumba nyingi kwetu zinategemea sola ndogo: paneli moja, betri moja, taa na kuchaji simu. Paneli ya wati 100 haiwezi kuiwasha mashine kama hiyo moja kwa moja. Ingehitaji betri kubwa na invata yenye nguvu, na gharama yake inapita mbali faida ya kikombe cha asubuhi. Zile zinazotumia vidonge vya plastiki ao aluminiamu zinaacha pia takataka ambazo hatuna pa kuzipeleka. Mwisho wake ni mtaroni, halafu ziwani.

Kwa hiyo chombo chetu cha kweli cha kahawa ni sufuria na mbabula. Mbabula ndiyo ya kuangalia vizuri.

Hesabu ya lita moja

Kuchemsha lita moja ya maji kunahitaji joto lililo ndani ya gramu 11 hivi za makala. Kipande kidogo tu! Lakini kwa mbabula ya chuma isiyo na udongo ndani, sehemu kubwa ya joto inapotea pembeni na chini, na makala mengine yanaungua kabla sufuria haijawekwa ao baada ya kuitoa. Ndiyo maana mama anajaza mbabula kwa kazi ambayo ingetaka kiganja kimoja.

Nyuma ya makala kuna miti. Tanuru za udongo tunazozijua, zile za kufunika kuni kwa majani na ardhi, zinataka kilo 5 hadi 10 za kuni ili kutoa kilo moja ya makala. Tuchukue mfano wa nyumba inayochoma kilo 2 kwa siku. Kwa mwezi ni kilo 60, ni kusema kati ya kilo 300 na 600 za kuni. Nyumba hiyo ikipunguza theluthi moja tu, inaokoa kilo 20 za makala, na kilo 100 hadi 200 za kuni zinabaki zimesimama.

Kwa nini sasa

Katika Kongo, zaidi ya watu 9 kwa 10 wanapika kwa kuni ao makala. Kwetu mzigo umeongezeka. Tangu 2015 kambi ya Lusenda inapokea wakimbizi kutoka Burundi. Vita vya 2025, Bukavu ilipochukuliwa mwezi wa pili na mapigano yakashuka upande wa Uvira mwishoni mwa mwaka, vilisukuma familia zingine kuelekea kusini. Mgeni na mwenyeji wote wanapika, na kuni zinatoka kwenye vilima vilevile. Barabara ya taifa nambari 5 ikifungika ao vizuizi vikiongezeka, kila malipo ya njiani yanaingia ndani ya bei ya gunia.

Tunakumbuka pia Kasaba, katika sekta ya Ngandja, Mei 2025: maji yalishuka usiku na kuua makumi ya watu. Mvua kubwa ndiyo iliyoanza. Lakini kila mkulima anajua kwamba kilima kisicho na miti hakishiki maji wala udongo.

Na kuna jambo linalosemwa kwa sauti ya chini: kadiri miti inavyokuwa mbali, ndivyo mama na binti wanavyotembea mbali zaidi, kwenye pori ambamo watu wenye silaha wanazunguka. Kilo moja isiyochomwa inapunguza pia safari hizo.

Chagua hivi

Mbabula yenye udongo wa kuchomwa ndani na bati nje, aina iliyoenea kutoka Kenya tangu miaka ya 1980, ikitengenezwa vizuri inapunguza makala kwa theluthi moja hadi karibu nusu. Sokoni, angalia mambo manne. Udongo usiwe na ufa, na usichezecheze ndani ya bati. Matundu ya chini yawe wazi. Mlango wa hewa ufunguke na kufungika. Sufuria yako ikae karibu na moto bila kuuzima.

Bei yake inapita ile ya chuma tupu, na hapo ndipo wengi wanarudi nyuma. Lakini pesa ya makala yasiyonunuliwa ndiyo inayolipa tofauti. Likelemba ya kina mama kumi inaweza kununulia kila mwezi mwanachama mmoja, mpaka wote wapate.

Halafu kuna mazoea. Pima maji kwa vikombe, usijaze sufuria. Funika. Maji yakichemka, toa motoni, tia kahawa iliyosagwa, ngoja dakika 4, chuja kwa kitambaa safi, weka kwenye terimosi. Usiiache ikichemka: inakuwa chungu, na makala yanaisha bure. Makala yanayobaki yazime kwa kuyafunika, utayatumia jioni. Machicha ya kahawa yapeleke shambani. Na usiingize kamwe mbabula yenye moto ndani ya nyumba iliyofungwa ili kujipasha joto: hewa yake haina harufu, na inaua watu wakilala.

Mbabula peke yake haitoshi

Tusidanganyane. Mbabula bora haiwezi kuchukua nafasi ya serikali. Sheria ya misitu ipo tangu 2002, na Hifadhi ya Itombwe tangu 2006, lakini anayekata bila ruhusa bado anapita kizuizini akiwa na pesa tu. Na mchomaji makala wengi wao ni raia aliyepoteza shamba ao mitumbwi. Ukimkataza bila kumpa njia ingine, atarudi usiku. Kivu Kaskazini, mradi wa EcoMakala wa WWF ulianza 2007 kusaidia wakulima kupanda miti ya makala kwenye mashamba yao, ili Virunga ipumue. Machefu wetu, sekta na mashirika wanaweza kuanza hivyo kwenye vilima vilivyo wazi nyuma ya Baraka, kabla miti ya mwisho haijageuka gunia.

Wakati tunawangojea, mlango wa hewa wa mbabula uko mikononi mwetu.