Mto Mara: tunataka vipimo, siyo kamati

Makamanda, mnakumbuka Machi 2022? Samaki wanaelea wamekufa Mto Mara, maji yamegeuka meusi, yananuka. Serikali ikaunda kamati chini ya Profesa Samwel Manyele, na jibu halikuchelewa: kinyesi na mkojo wa mifugo, pamoja na mimea iliyooza, vimemaliza oksijeni majini. Nchi nzima ikaguna. Hivi ng'ombe wa Mara walianza kujisaidia mwaka huo?

Ila tusidanganyane, kisayansi inawezekana. Uchafu ukioza majini unakula oksijeni. Upande wa Kenya watafiti walishaonyesha kwamba hata kinyesi cha viboko kinaua samaki kwenye mto huohuo. Kwa hiyo sisemi profesa alidanganya. Ninachosema ni kwamba mwananchi hakuwa na namna yoyote ya kuhakikisha. Watu wa kule ni majirani wa mgodi wa North Mara. Mwaka 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodini hadi Mto Tigithe. Mei 2019 NEMC ikaupiga mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa bwawa la maji yenye sumu kuvuja. Mtu aliyepitia hayo, ukija kumwambia "ni ng'ombe tu", akuelewe vipi?

Kamati inakuja samaki wameshaoza. Tunachotaka ni vipimo vya kila mwezi, juu ya mgodi na chini yake: oksijeni, tindikali, zebaki, sianidi. Majibu yabandikwe ofisi ya kijiji na yawekwe mtandaoni, hata yakiwa mazuri (yakiwa mazuri, si ndiyo mgodi ufurahi?). Pesa isiwe kisingizio. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inasema mchafuzi alipe, na inampa mwananchi haki ya kupata taarifa za mazingira. Halafu sehemu ya faini irudi vijijini ikachimbe visima.

Wewe uliyeko Tarime, Serengeti au Butiama, mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu. Nenda. Omba kuonyeshwa cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira pamoja na masharti yake. Wakikuzungusha, andika barua, hakikisha nakala yako imegongwa mhuri wa kupokelewa, kisha ipige picha ututumie.