Duka la simu nalo liko na bariere

Juma lililopita mchimbaji mmoja mwenzetu, ametoka Misisi, alinikuta nyumbani Kalundu na simu mkononi. Alitaka kumununulia binti yake kitabu cha masomo. Alifungua programu ya kusomea, kitabu akakiona, lakini mahali pa kulipia hakuna. Akaniuliza: «Kaka, hii simu ni ya bandia?» Hapana, ndugu yangu, simu ni nzima. Ni sheria ya wenye duka.

Karibu programu zote za simu zetu zinatoka kwa maduka mawili: la Apple na la Google. Mwaka 2011 Apple ilisema: ukiuza kitabu ndani ya programu, malipo yanapita kwetu, tunakata asilimia 30. Sasa, kwa mikataba mingi ya wakati ule, mchapishaji anachukua 70, muuzaji anabaki na 30. Ukiondoa tena 30, anabaki na nini? Zero. Ndiyo maana mwaka uleule Amazon iliondoa njia ya kununua vitabu ndani ya programu yake ya Kindle kwenye iPhone. Mwaka 2022, juu ya sheria za Google, ikafanya vile kwenye Android, simu ambazo wengi wetu tunatumia. Na kibaya zaidi, Apple ilikataza hata kuweka humo njia ya kumupeleka musomaji kwa duka la nje.

Sisi wa migodi hii kitu tunaijua. Unatoka shimoni na dhahabu yako, njiani unakuta kamba na kijana kwenye kiti. Lakini ile kamba angalau unaiona, unabishana nayo (hata kama mwisho unalipa). Ya simu haionekani.

Wengine watasema duka ni lao, wamelijenga, wanachunga virusi zisiingie. Ni kweli, walipwe. Lakini kama 2021 waliweza kushuka mpaka asilimia 15 kwa wauzaji wadogo, basi 30 haikuandikwa mbinguni. Na kumufunga muuzaji mdomo si malipo ya kazi. Tarehe 30 mwezi wa nne 2025, tribinali moja ya California iliikataza Apple kuzuia njia za nje. Mwezi wa tano Kindle ikarudisha kitufe cha kununulia. Kwa Marekani tu. Huku Uvira hatukusikia hata harufu yake.

Kwetu tuko na Code du numérique tangu tarehe 13 mwezi wa tatu 2023. Wabunge wetu waulize serikali: inasema nini juu ya hayo maduka mawili? Wasituambie ni makubwa mno. RAM, ile kodi ya simu iliyoanza 2020 kukata unités zetu, watu walipiga kelele mpaka ikafutwa 2022. Na ninyi waandishi na wachapishaji wa Kivu, musingoje duka la mbali: muuze vitabu vyenu wenyewe, mulipwe kwa M-Pesa au Airtel Money, mutume faili.

Sisi wa sendika tutaanza na Code minier ya 2018, ile inayosema asilimia 0,3 ya mauzo ya kampuni iende kwa maendeleo ya wenyeji. Wangapi kati yetu wameisoma? Tunayo kwenye karta memwari. Siku ya mkutano mukuje na simu, hata ile yenye kioo kimepasuka, tutawawekea bure.