Sehemu ya 4: Bia nyeusi ina ladha ya kahawa, lakini siyo dawa ya damu wala maziwa

 

Jumapili shemeji alitoka Dar na chupa tatu za stauti, zile bia nyeusi, kutoka viwanda vidogo. Akamimina kwenye glasi ndogo: "Shemeji, wewe mtu wa kahawa, tuonjee." Wifi yangu alikuwepo, amekuja kujifungulia kwa mama yake, mtoto ana wiki tatu. Mama mkwe akasema, "Na huyu mpeni. Bia nyeusi inaleta maziwa, inarudisha damu."

Nikasema, "Mama, samahani, kwa hilo nitakupinga."

Kwanza niwe mkweli kuhusu ladha. Sisi wa Ruvuma kahawa tunaijua, Mbinga siyo mbali. Chupa ya kwanza haikuwekwa kahawa kabisa, ila ilinukia kahawa. Sababu ni shayiri: inakaangwa mpaka inakuwa nyeusi, kama unavyokaanga buni. Ilikuwa na uchungu safi, unaoisha vizuri kooni. Ya pili iliwekwa kahawa yenyewe, harufu ikapanda kama umetoka kusaga. Hiyo niliipenda kuliko zote. Ya tatu kahawa ilizidi, mdomo ukabaki na ladha ya kuungua, kama chungu kilichosahauliwa jikoni. Kwa ulimi basi, ya pili imeshinda. Lakini ulimi haupimi damu.

Imani ya mama mkwe hakuitunga yeye. Guinness walianza kujitangaza Uingereza mwaka 1929 kwa kuwaambia watu kwamba bia yao ni nzuri kwa afya, na huko wazazi waliwahi kushauriwa kunywa stauti. Maneno yakasafiri, yakafika hadi kwetu.

Sasa tuangalie madini ya chuma. Nusu lita ya stauti ya kawaida ina kama miligramu 0.3. Kidonge kimoja cha FeFo anachopewa mjamzito kina 60. Piga hesabu: ni chupa 200 kwa kidonge kimoja! Na kahawa yenyewe inazuia mwili kufyonza chuma, kwa hiyo hata kidonge usimezee kahawa wala chai.

Na maziwa je? Mwaka 1991 watafiti wa Marekani waliwapa mama wanaonyonyesha kinywaji chenye kilevi, halafu wakapima mtoto amenyonya kiasi gani. Watoto walinyonya maziwa kidogo zaidi, siyo mengi. Kilevi kinapunguza ile homoni inayosukuma maziwa yatoke. Mama anahisi titi limejaa, anadhani bia imefanya kazi, kumbe maziwa hayatoki vizuri. Na zile zilizoandikwa "milk" kwenye lebo? Ni sukari ya maziwa ya ng'ombe imewekwa ili bia iwe tamu. Hazina uhusiano wowote na titi lako.

Mama mkwe akanuna kidogo: "Mbona sisi tulikunywa na mkakua?" Nikamjibu, mama, mlitulea kwa mengi mazuri, na supu na uji mliotupikia ndivyo vilivyofanya kazi. Hapo akacheka.

Msimamo wangu ni huu. Stauti ihukumiwe kama bia: harufu, uchungu, inavyoisha mdomoni. Ukiipa cheo cha dawa, unamfanya mzazi ainywe bila kujiuliza, na aliye na upungufu wa damu achelewe kuja kupima.

Mjamzito: usinywe hata glasi ya kuonja. Anayenyonyesha: salama zaidi ni kuacha. Ukinywa, soma asilimia kwenye lebo. Chupa ndogo ya mililita 330 yenye asilimia 5 inataka usubiri angalau saa 2 kabla ya kunyonyesha. Nusu lita yenye asilimia 7 ina kilevi mara mbili ya hiyo, na muda unaongezeka hivyo hivyo. Kukamua na kumwaga hakuharakishi, maana kilevi kinatoka kwenye maziwa kadiri kinavyotoka kwenye damu. Na ukishakunywa, usilale kitanda kimoja na mtoto.

Unataka maziwa? Mnyonyeshe mara kwa mara, usiku na mchana, kunywa maji na uji, kula ushibe. Unataka damu? Maharage, mboga za majani, dagaa wa Nyasa, nyama au maini ukipata, na FeFo zako. Ukiona kizunguzungu, moyo kwenda mbio au viganja kupauka, njoo kituoni upimwe.

Wifi alikunywa uji wake wa ulezi. Chupa ya pili tulimalizia mimi na shemeji.

Wewe ulipojifungua uliambiwa unywe nini? Niandikie hapa chini. Sehemu ya 5 nitaanzia kwenye majibu yenu.