Mhitimu wa kilimo ana kazi Kibirizi

Dagaa wa mwalo wa Kibirizi, Kigoma, huliwa mpaka Kongo na Burundi, lakini wengine bado huanikwa mchangani. Mvua ikinyesha, hasara. Hapo pana kazi ya msomi wa usindikaji.

Mkoani humo, chuo cha FETA hufundisha uvuvi, na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga huzalisha mbegu bora za michikichi aina ya Tenera. Hata hivyo, mhitimu bado huulizwa swali moja: ameajiriwa serikalini?

Swali hilo linamwonea, kwani kazi ipo hata nje ya serikali. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kwa miezi mitatu mwaka 2024, utaalamu wa kufuga samaki kwenye vizimba ulihitajika kweli kweli. Kinachokosekana ni mtaji: asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya vijana iwafikie wahitimu hawa kwanza, wanunue chanja, majokofu na mitambo ya kukamua mawese.